Ukuta Unaotazama Barabara: Esther Mahlangu na Nyumba za Kindebele

Unyoya mmoja wa kuku, kikopo cha rangi nyeusi, na mkono wa bibi aliyezaliwa mwaka 1935. Nimetazama video za Esther Mahlangu akichora mara nyingi kuliko nitakavyokiri mbele ya watu wenye kazi zao, na kila mara jicho langu huganda palepale: pale anapovuta mstari mweusi kutoka juu hadi chini bila rula, bila uzi, bila hata alama ya penseli. Unyoya unapinda kidogo, unatii, unatembea. Mstari ukifika chini umenyooka kama uliopimwa kwa timazi. Njano, buluu, waridi na kijani huja baadaye, kujaza vyumba ambavyo mstari mweusi umekwisha kuvijenga.

Nimesema "vyumba" kwa makusudi. Bibi huyu hakujifunzia kwenye karatasi, alijifunzia kwenye nyumba, na hata leo kanvasi yake ukiisogelea utaona kingo za kuta, vizingiti, ngazi na madirisha. Ni Mndebele wa Afrika Kusini, wa jimbo la Mpumalanga. Wale wa Bulawayo, Zimbabwe, ni wengine walioshiriki jina. Kwao humwita Gogo, maana yake bibi, kwa hiyo msomaji wa Dodoma asidhani tumempata ndugu.

Alizaliwa shambani karibu na mji wa Middelburg, na alipokuwa na miaka 10 mama yake na bibi yake wakaanza kumfundisha kupaka nyumba. Mwenyewe husimulia kwamba wakubwa walipokwenda kupumzika mchana, yeye alishika unyoya akaendelea pale walipoachia. Waliporudi wakamgombeza, na ikawa zamu yake ni nyuma ya nyumba, mahali ambapo mpita njia haoni. Akachora huko, akakosea huko, mkono ukazoea. Siku moja wakamwita aje mbele. Hapo akajua kwamba anaweza, na maneno hayo ndiyo yaliyofanywa jina la maonyesho makubwa ya kazi zake ya mwaka 2024 katika jumba la sanaa la taifa la Iziko, Cape Town.

Ukuta wa nyuma na ukuta wa mbele: naomba msomaji asiisahau tofauti hiyo, kwa sababu ubishi wote kuhusu kazi ya bibi huyu umejificha humo.

Ubishi wenyewe mimi nilikutana nao Unguja, kwa fundi mmoja wa milango ya nakshi. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya gari la BMW alilolichora Mahlangu mwaka 1991. Akaivuta kwa vidole viwili, akaangalia kona za milango ya gari, akanirudishia simu. "Kazi safi," alisema. "Lakini bibi kauza ukuta." Nikamuuliza ana maana gani. "Nakshi ikiwa mlangoni inakwambia hii nyumba ya nani. Ikitoka mlangoni, ua tu hilo." Kwa haki niongeze kwamba yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa anachonga fremu ya kioo kwa ajili ya hoteli, kwa nakshi zilezile za miimo na mfaa. Tulicheka wote wawili, lakini maneno yake yalinikaa.

Upande mmoja basi unasema hivyo: alama za jengo huishi kwenye jengo, na anayezibandua na kuzitia kwenye kanvasi, gari au chupa, amebakiwa na ganda. Upande wa pili unasema kwamba bila kanvasi na bila gari, sanaa hii ingebaki picha ya kalenda za watalii, na wanawake walioibuni wangebaki "wanakijiji" wasio na jina. Pande zote mbili zina hoja. Tatizo langu ni kwamba zote zinaanza na dhana moja ambayo haisimami: kwamba kuna ukuta wa kale uliotulia, wenye maana moja, uliokuwa hapo tangu zamani za zamani hadi Gogo alipokuja kuubandua.

Tuuangalie ukuta huo. Mwaka 1882 Jamhuri ya Makaburu ya Transvaal iliizingira ngome ya Wandebele chini ya mfalme Nyabela. Mwezi Julai mwaka 1883, njaa ikiwa imewamaliza, Nyabela alisalimu amri. Ardhi yao ikagawiwa, na watu wenyewe wakagawiwa pia: familia zilitawanywa kwenye mashamba ya Makaburu kufanya kazi kwa mkataba wa lazima wa miaka 5. Wengi hawakuondoka hata mkataba ulipokwisha, kwa sababu hapakuwa na pa kurudi. Ni katika kutawanyika huko, kwenye mashamba ya watu, ambapo watafiti wengi wanaona chanzo cha desturi ya kuta zilizopakwa kama tunavyoijua. Nyumba zao za awali zilikuwa za mviringo, za nyasi. Kuta za udongo, ua wenye ukuta wa mbele, na hata baadhi ya mbinu za kupaka walizipata kwa majirani zao Wapedi. Baadaye nyumba ikawa ya mstatili, na umbo la paa za Makaburu likaingia kwenye mchoro.

Rangi nazo hazikuanza zikiwa kali. Zamani mwanamke alikandika ukuta kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na ungali mbichi akaufinyanga kwa vidole, mistari ikafuata vidole vyake. Kisha chokaa kwa weupe, masizi kwa weusi, udongo mwekundu na wa njano kutoka kando ya mto. Buluu ya kufulia nguo, ile ya dukani, nayo ilipanda ukutani. Rangi za kiwandani zilipoanza kupatikana kwa wingi katikati ya karne ya 20, ndipo ukalipuka ule uso tunaouita leo "wa asili": pembe kali, mistari myeusi minene, buluu ya anga na waridi. Kwa maneno mengine, "asili" hii ina umri unaokaribiana na wa Bibi Mahlangu mwenyewe. Hakurithi kitu kilichokuwa kimekauka, alizaliwa wakati kinapikwa, na yeye ni mmoja wa wapishi.

Mvua ilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Ukuta wa udongo ukipigwa na mvua ya msimu mmoja hubabuka. Mama wa nyumba hurudia, na akirudia habanwi na mchoro wa mwaka jana. Kijana wa nyumba hiyo akikaribia kwenda jando, ukuta hupakwa upya kwa bidii zaidi, maana wageni watakuja na watautazama. Hapo ndipo ninapomrudia fundi wangu wa Unguja. Alichosema kuhusu mlango kinafaa mlango, kwa sababu mvule haufutiki. Mlango uliochongwa wakati wa Sayyid Barghash unaweza kuwa unafunguliwa leo. Ukuta wa Kindebele haukuumbwa kudumu. Maana yake haikuwa kwenye umbo la pembetatu fulani, ilikuwa kwenye kitendo cha mwanamke kurudi ukutani mwaka baada ya mwaka na kusema: sisi tupo hapa bado. Kumbuka alikuwa anasema hivyo kwenye shamba lisilo lake, kwenye nyumba ambayo mwenye shamba angeweza kumtoa msimu ukiisha.

Hii inanileta kwenye hadithi moja inayozunguka sana mtandaoni, kwamba michoro hiyo ilikuwa lugha ya siri. Kwamba baada ya kushindwa vita, wanawake walikuwa wanapelekeana habari ukutani na Makaburu wakadhani ni mapambo tu. Ni hadithi tamu, na naelewa kwa nini inapendwa. Inampa mshindwa akili kuliko mshindi. Wengine wameiendeleza hadi kutunga orodha: nyekundu maana yake hiki, kijani maana yake kile. Lakini ukiuliza majina ya michoro yenyewe unakuta mambo mengine kabisa. Kuna wembe: ule wembe wa kunyolea wa pande mbili, pamoja na upenyo wake wa katikati, umegeuzwa kuwa pambo ambalo likipangwa mfululizo linapendeza ajabu. Kuna ngazi, wakati nyumba za kijijini hazina ghorofa. Kuna taa ya umeme kwenye vijiji ambavyo umeme ulikuwa haujafika. Kuna ndege. Wanawake waliokwenda mjini kufanya kazi katika nyumba za wazungu walirudi na walichokiona, wakakiweka ukutani kwao kwa mpangilio wao.

Mimi naona hili ni kubwa kuliko siri. Siri inahitaji kujificha, na hakuna mtu anayejificha kwa rangi ya waridi kwenye ukuta unaotazama barabara. Lile lilikuwa tangazo. Hata hivyo sitaki kuwacheka wanaoipenda hadithi ya siri, kwa sababu alama hupata maana njiani, na sisi wa pwani tunalijua hilo vizuri. Mji Mkongwe nimewahi kusimama mbele ya mlango mmoja wenye nakshi ya mnyororo na kusikia, kwa muda wa nusu saa, waongoza watalii watatu wakitoa maelezo matatu: mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa watumwa; mnyororo ni ulinzi wa nyumba; mnyororo ni umoja wa familia. Watalii wote watatu waliondoka wameridhika. Fundi aliyeuchonga labda alikuwa na kiolezo cha mnyororo mkononi na ukingo uliohitaji kujazwa.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kazi hii ni ya kisiasa, na watetezi wa Mahlangu huipita haraka. Uzuri wa kuta za Kindebele uliwafaa sana watawala wa ubaguzi wa rangi. Miaka ya 1940 Profesa A. L. Meiring, mwalimu wa usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Pretoria, pamoja na wanafunzi wake, walipima na kuchora kijiji kimoja cha Wandebele nje ya jiji hilo. Kijiji kile baadaye kilihamishwa na kuwa kivutio cha watalii, na wakazi walipewa rangi ili waendelee kupaka. Serikali iliyokuwa inataka kuonyesha dunia kwamba Waafrika ni makabila mbalimbali, kila moja na desturi zake na mahali pake, ingepata wapi ushahidi mzuri kuliko kuta zile? Mwaka 1981 eneo la KwaNdebele likapewa utawala wake wa ndani kwa misingi hiyohiyo, na mpango ukawa kulipatia eneo hilo "uhuru" wa bandia ili wakazi wake wavuliwe uraia wa Afrika Kusini. Wananchi waliupinga kwa damu, na mwaka 1986 mpango ukaanguka.

Na Mahlangu alikuwa wapi? Kuanzia mwaka 1980 hadi 1991 aliishi na kufanya kazi Botshabelo, makumbusho ya wazi karibu na Middelburg, kwenye eneo lililokuwa misheni ya Wajerumani tangu mwaka 1865. Hapo palijengwa kijiji cha Kindebele cha kutazamwa, na yeye alikuwa miongoni mwa waliotazamwa. Alipaka nyumba ambayo si yake, mbele ya wageni waliolipa kiingilio. Mtu mkali atasema: huyo hakuwa msanii, alikuwa kielelezo.

Mimi nasita hapo. Mwanamke wa kijijini wa miaka ile, asiyepata shule ya sanaa, alikuwa na njia ngapi za kulipwa kwa kuchora? Botshabelo ilikuwa kazi. Na ukitazama kwa jicho la ukuta wa mbele, kazi hiyo haikuwa imetoka nje ya desturi kama tunavyodhani. Ukuta wa mbele siku zote ulikuwa unasemeshana na mgeni: jirani, mwenye shamba, msafiri, mpiga picha. Anayesema kwamba sanaa hii iliharibika siku ilipoanza kutazamwa na wageni, amesahau ilipakwa upande gani wa nyumba.

Katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Kifaransa walifika Botshabelo wakitafuta wasanii kwa ajili ya maonyesho yaliyokuja kufanyika Paris mwaka 1989, yakiitwa Magiciens de la Terre, yaani Wachawi wa Dunia, chini ya Jean-Hubert Martin. Wasanii zaidi ya 100, karibu nusu yao kutoka nje ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Mahlangu akavuka bahari, akajengewa mfano wa nyumba yake ndani ya ukumbi, akaupaka. Hadi leo wanazuoni wanagombana kuhusu maonyesho yale. Wanaoyasifu husema ndiyo yaliyovunja ukuta kati ya "msanii" wa Ulaya na "fundi wa jadi" wa Afrika. Wanaoyalaumu husema ni uleule utalii uliovaa suti: msanii wa New York aliletwa kwa mawazo yake, wa Afrika akaletwa kwa kabila lake. Neno lenyewe, "wachawi", linanikera. Sidhani mchoraji wa Paris angefurahi kuitwa mganga kwenye bango la kazi yake, ingawa nakiri waliitwa wote kwa pamoja.

Mwaka 1991 likaja gari. BMW huwapa wasanii magari wayachore tangu mwaka 1975. Alexander Calder alikuwa wa kwanza, Andy Warhol naye alipata lake mwaka 1979. Mahlangu alipewa 525i, akawa mwanamke wa kwanza katika orodha hiyo, na Mwafrika wa kwanza. Tazama picha za gari lile kwa utulivu. Gari halina ukuta ulionyooka. Kila ubati umepinda. Lakini mstari mweusi unaanza kwenye boneti, unapanda, unavuka mpasuo wa mlango bila kupotea, na upande wa pili unaendelea pale ulipoachia. Amelisoma gari kama nyumba yenye kuta nyingi ndogo. Gari hilo limeonyeshwa Washington mwaka 1994 na British Museum mwaka 2016, na si kwa sababu lina injini nzuri.

Baada ya hapo milango ilifunguka, mingine nadhani ingefaa ibaki imefungwa. Viatu. Chupa ya vodka ya Belvedere mwaka 2016, ingawa hiyo nusu ya faida yake ilikwenda kwenye mapambano dhidi ya UKIMWI, jambo linaloniwia vigumu kulicheka. Mwaka 2020 gari la Rolls-Royce Phantom lenye mchoro wake ndani, mbele ya abiria. Kisha mwaka 2024 BMW wakatoa gari la majaribio kwa heshima yake, lililofunikwa utando wa elektroniki unaobadili rangi: michoro ya Kindebele inatokea, inahama, inafutika, inatokea tena, kwa umeme.

Hilo la mwisho lilinifikirisha kuliko yote. Nilisema awali kwamba uhai wa ukuta ulikuwa kwenye kupakwa upya. Sasa hapa kuna gari linalojipaka upya lenyewe, mara nyingi kwa dakika moja kuliko mama wa nyumba kwa maisha yake yote. Je, ndiyo desturi ilivyoendelea? Kwangu hapana, na sababu yake ni rahisi. Zamani aliyeamua nini kipakwe upya na lini alikuwa mwanamke mwenye nyumba. Kwenye gari lile anayeamua ni aliyeandika programu. Hapa ndipo nakubaliana na fundi wangu, ingawa kwa njia tofauti na yake. Michoro kutoka ukutani haina ubaya. Ubaya unaanza pale haki ya kuibadilisha inapotoka mkononi mwa wanaoijua na kubaki kwa mnunuzi.

Kanvasi yenyewe iko wapi kwenye hesabu hiyo? Kanvasi ni ukuta uliosimamishwa saa. Haipigwi na mvua, haibabuki, na aliyeinunua London au Johannesburg hataki kabisa Gogo arudi mwakani kuifuta na kuweka kitu kingine. Ni hasara, nakubali. Lakini pia ni kanvasi iliyompa mchoraji kitu ambacho ukuta haukumpa: kulinganisha. Ukiweka kazi zake za miaka tofauti bega kwa bega unaona mkono wa mtu mmoja, maamuzi yake, mahali anapopenda kuacha nyeupe ipumue. Kwenye ukuta wa udongo ushahidi huo huyeyuka na mvua, na ndiyo maana bibi yake, ambaye huenda alikuwa mchoraji hodari kuliko wote, hakuna kazi yake tunayoweza kuitundika.

Lakini jina nalo lina kivuli chake. Mwaka 1997 British Airways walipaka mikia ya ndege zao michoro ya sehemu mbalimbali za dunia, na miongoni mwake ilikuwamo ya Kindebele. Mara kwa mara utasoma kwamba ni kazi ya Esther Mahlangu. Michoro ile ilikuwa ya ndugu wawili, Emmly na Martha Masanabo, na majina yao yalikuwa kwenye majina ya michoro yenyewe. Jina moja limekuwa kubwa hadi linawameza wenzake bila hata mwenye jina kuomba. Francina Ndimande, aliyekuwa na mkono wa ajabu vilevile, nje ya nchi yake anajulikana na wachache sana. Soko la sanaa linapenda shujaa mmoja kwa kila kabila. Sisi Tanzania tuliona kinyume chake na hakikuwa afadhali: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao za dari, akafariki mwaka 1972, na jina lake likawa jina la bidhaa. Leo maelfu ya picha zinaitwa tingatinga, na mnunuzi haulizi nani kachora hii.

Kati ya jina moja linalomeza wote na jina moja linalopewa wote, haki ya jamii inakaa wapi? Afrika Kusini ilipitisha mwaka 2019 sheria ya kulinda maarifa ya asili, inayozipa jamii nafasi ya kudai manufaa pale urithi wao unapotumiwa kibiashara. Kwenye karatasi ni jambo jema. Utekelezaji wake kwa michoro ni kitendawili: pembetatu ni ya nani? Mwenye duka la mito ya makochi huko Ulaya akibadilisha rangi mbili, ameiba au amevutiwa? Wakenya watakumbuka kampuni ya Uingereza ilipotaka kusajili neno kikoi kama alama yake ya biashara miaka ya 2000. Ilizuiwa, lakini lile lilikuwa neno, na neno lina mipaka. Mchoro hauna.

Kuna swali moja ambalo wakosoaji wa Mahlangu hawaliulizi, na kwangu ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Kuta za vijijini zimepungukiwa michoro. Je, ni kwa sababu bibi mmoja alikwenda Paris? Nyumba za matofali ya saruji hazihitaji kukandikwa kila mwaka, na kazi iliyokuwa inamrudisha mama ukutani imeondoka pamoja na udongo. Binti wa nyumba anasoma au anafanya kazi mjini. Hana wiki mbili za kuchovya unyoya. Rangi ya dukani ni ghali. Hakuna katika hayo ambalo Mahlangu angelizuia kwa kubaki nyumbani na kukataa kanvasi. Kumtwika lawama ya ukuta mtupu ni kama kumlaumu mtunzi wa tenzi kwamba watu hawaandiki tena kwa hati za Kiarabu.

Alichofanya yeye ni kujenga shule nyuma ya nyumba yake, Mabhoko, ambako huwafundisha watoto kuchanganya rangi na kuvuta mstari kwa unyoya wa kuku, bila rula. Nyuma ya nyumba, tena. Nilipomsimulia fundi wangu habari hiyo, safari hii hakucheka. Alinyanyuka akaenda kwenye pembe ya karakana, akafukua chini ya magunia, akarudi na kipande cha mfenesi chenye ua lililochongwa vibaya, petali moja imekatika. Lilikuwa lake, la mwaka wake wa kwanza. Kila mwanagenzi wake, alisema, huanzia kwenye mabaki, na hakuna anayegusa mlango wa mtu kabla ya fundi kusema sasa njoo.

Akakigeuzageuza kile kipande mkononi. "Na hao watoto wa bibi," aliuliza, "wakishaitwa mbele, watapaka nyumba ya nani?"

Sikuwa na jibu, na yeye alikuwa na fremu ya hoteli ya kumaliza kabla ya Ijumaa.